Ukurasa wa Arobaini na Saba

Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada.
Mende wa Keko walishalila, na jina pia,
sisi tukakiita Chagua, basi,
kwa kuwa chini ya kila ukurasa kilituuliza:
Ukitaka kuingia pangoni, fungua wa ishirini na tatu.
Ukitaka kurudi kwa mjomba, fungua wa nane.

Mimi sikuwahi kurudi kwa mjomba.
Kondo alirudi kila mara,
alale, ale ubwabwa ambao haukuandikwa popote,
ndipo twende tukafe vizuri.

Tulikufa sana miaka ile.
Tulikufa kwa chatu, kwa daraja la kamba,
kwa kisima chenye sauti ya mtu tunayemjua,
na umeme wa mgao uliporudi saa nne usiku
mtaa mzima ulishangilia
kana kwamba tuliofufuka ni sisi.

Siri ilikuwa vidole.
Cha shahada kinabaki ukurasa wa tisa,
cha kati kumi na nne, cha pete thelathini,
gumba kule mwanzo kabisa, penye ramani.
Ukifa unateleza nyuma hadi kidole kilicho hai.
Kondo mikono yake ilikuwa midogo, aliazima yangu:
"Shika hapa, Siku, usiachie,
nakwenda kufa kidogo, narudi."

Ukurasa wa arobaini na saba haukuwepo.
Uling'oka safi, kama jino la utotoni,
na njia nne zote zilielekea huko.
Tulimshuku Mama Mwajabu wa karanga.
Kila jioni tukanunua za shilingi hamsini,
tukazikunjua zile pembe za karatasi polepole, kama barua:
hesabu za mtu wa darasa la sita, zote kosa;
matokeo ya mpira; risiti ya saruji;
nusu ya sura ya mgombea udiwani
akitabasamu kwa jicho moja la mafuta.
Ukurasa wetu, hapana.

Basi Kondo akawa anausoma hivyo hivyo, pengoni,
macho yakitoka kushoto kwenda kulia juu ya hewa.
Jumatatu palikuwa na mlango wa shaba.
Jumanne, mfalme anayepima mkaa kwa kopo.
Siku moja palikuwa na uwanja tu, na kivuli,
na hakuna aliyetuuliza chochote.

Baba alipotoka na begi la bluu
asigeuke hata penye kona ya fundi baiskeli,
Kondo aliniuliza, "Amekwenda wa ngapi?"
Nikatafuta vidole vyangu.
Vyote vilikuwa mfukoni.

Mwaka huu, Mtaa wa Samora, chini ya baraza,
kati ya kitabu cha ufugaji wa kuku
na Biblia isiyo na Mwanzo, nilikikuta.
Kizima. Na jalada lake:
mvulana na mbuzi, wala hatufanani nao.
Elfu tatu. Sikupunguziwa wala sikuomba,
muuzaji akanitazama kwa mashaka.
Nikafungua wa arobaini na saba
nimesimama palepale, juani.

Mstari mmoja.
Hapa njia imefungwa. Rudi ukurasa wa kumi.

Nikampigia Kondo. Anaendesha winchi bandarini,
makontena, moja hapa, moja pale,
kutwa nzima anachagua.
Nikamwambia, "Ninao."
Nyuma yake chuma kikalia juu ya chuma.
Alinyamaza mpaka nikadhani salio limeisha.
"Usinisomee," akasema.
Halafu: "Karanga bado wanauza hapo?"

Wanauza. Siku hizi zimo ndani ya nailoni
inayoonyesha kila kitu.
Nikauchana ule ukurasa, ukatoka safi mara ya pili,
nikakunja pembe, nikazimimina humo,
nikazila nikitembea hadi Mnazi Mmoja,
kitabu kwapani,
kidole kimoja ndani yake,
sikumbuki wapi.