Chupa Kumi na Tisa

Zimeletwa tangu asubuhi, kila mtu na chupa aliyoipata:
ya soda, ya shira, ya marashi, bado inanukia,
moja ya dawa ya kikohozi, kijiko kimefungwa shingoni kwa uzi.
Shule imefungwa. Nimezipanga juu ya meza ya maabara
na kuandika kwa wino mzito: Langoni 1, Langoni 2,
Tundani, Mkomani kwa kina Famau,
Mkomani msikitini.
Ya kumi na tisa sikuiandika kitu. Naijua.

Kwanza tone la asidi. Visima vyetu vimepasuliwa ndani ya matumbawe,
na chokaa ina tabia ya kujibu isipoitwa;
ikitoa weupe wake mtu atasema chumvi,
na jiwe litakuwa limesingiziwa.
Vipovu viwili, vitatu. Ngoja vitulie.
Halafu fedha.

Si fedha ya kuhesabu, ingawa kichupa hiki
kiliombwa kwa barua tatu na kikaja na risiti ndefu kuliko chenyewe.
Ni fedha iliyoyeyushwa, haina rangi,
hukaa ndani ya kioo cha kahawia kama mwari anayefichwa jua.
Tone moja. Penye chumvi haiwezi kunyamaza:
ukungu unashuka, mweupe, mzito,
tui la kwanza limemwagikia maji ya kunawa.

Lakini kabla ya kumshtaki yeyote
nahitaji maji yasiyo na kosa, ya kulinganishia.
Yale ya kukenekwa yamekwisha tangu Mei,
na Mombasa wanasema kesho.

Bi Somoe alipanda ngazi zote hizo na mtungi mdogo kwapani.
"Mai haya ni ya mvua ya elinino," alisema.
"N'meyaweka ya kuoshewa mimi.
Twaa kikombe. Yatakayosalia yatanitosha, mwili wenyewe ndio huu."

Nikatonesha. Nikainua neli dirishani.
Safi. Hapana, si safi kabisa:
chini kule, kama pumzi ya mtu juu ya kioo.
Hata mvua ya kwetu huonja bahari kabla ya kufika darini.
Sikumwambia. Niliandika *sifuri*,
na sifuri hiyo ndiyo uongo wa pekee katika daftari hili.

Langoni 1, wepesi. Langoni 2, tui la pili. Tundani vivyo hivyo.
Kwa kina Famau, wanaouza dumu shilingi ishirini, tui la kwanza.
Msikitini pia; ila pale ni maji ya udhu,
na bahari yenyewe ni tohara,
mwenye kutawadha hana kesi na mimi.
Lakini watoto wa chuoni hunywa papo hapo, kwa viganja.
Nikapiga mstari chini yake. Nikapiga wa pili.

Kisima cha kumi na tisa babangu alikichimba mwenyewe,
mimi juu nikishika kamba na taa.
Wageni walikuwa wakiomba kikombe cha pili cha maji, si cha chai.
Sasa mama huongeza sukari na kulaumu majani ya siku hizi.
Daktari alimwambia, presha hii, punguza chumvi,
naye akatii: mwaka mzima anakula samaki chapwa,
hata ndimu anaiogopa.

Tone moja.
Dirisha likapotea ndani ya neli.
Nikasema neli chafu. Nikaosha, nikarudia. Nikarudia tena.
Mara tatu fedha ilisema lile lile,
shahidi asiyejua nani mtoto wa nani.

Usiku mama aliuvuta mkono wangu kwenye taa.
Vidole vimeiva weusi, fedha ikipigwa na jua huwa hivyo.
"Ni nani alokupaka piko? Kuna harusi?"
Sabuni haitoi, nikamwambia. Itatoka na ngozi.
Akacheka,
akanimiminia chai.