Fimbo Iliyokohoa

Januari, Duluth. Ziwa limeganda hadi kwenye mnara wa taa,
nasi wanne tumo chini ya sakafu ya nyumba yangu,
kando ya tanuri linalonguruma kama basi la shule lenye gia mbovu
(nayajua; kuyatengeneza ndiyo kazi yangu).
Mezani: ramani ya penseli, bakuli la bisi,
dadu za pande nne, sita, nane, ishirini,
na zimwi la risasi lililobanduka rangi puani.

Zimwi liko hatua moja kutoka kwa mchawi.
Mchawi, na kwetu hapa si tusi,
hana uchawi uliobaki.
Moto aliumaliza kwa popo wasiomkosea kitu,
usingizi aliwapulizia walinzi wawili na mbuzi,
na ule wa kupaa aliutumia, kwa ubishi, kuchuma tofaa.
Amebaki na fimbo:
mwaloni, jiwe la buluu kichwani.
Tuliitafuta miezi kumi na minne, kila Alhamisi.

"Nalipiga nayo," akasema Anselm.

"Kwa uchawi gani?"

"Uchawi umekwisha. Nalipiga. Kichwani."

Corwin, aliyehifadhi kitabu cha kanuni kama sala,
akainua kidole: fimbo ndefu huhesabiwa rungu, dadu ya pande sita;
kile kijiti cha mkononi si kitu, ni cha kukorogea chai;
tufe la kioo waweza kulivurumisha, ila nani atalilipa?
Tuula, muuguzi wa zamu ya usiku,
ambaye kila mwaka huchagua shujaa mwenye shoka
kwa kuwa kazini, asema, upole wote humwishia,
alikuwa anatafuna bisi tu.
Nami nikawaza: fimbo ya mbali haiui nyoka.
Sawa. Lakini hii ya karibu, ikishaua,
itabaki fimbo ya nini?

Mimi ndiye msimulizi. Neno langu ndiyo hali ya hewa.
Nikamgeukia Anselm, mwalimu wa fidla miaka arobaini
mpaka vidole vilipogoma:
"Wewe ungempiga mtu kwa upinde wa fidla?"

Akaipindua dadu, upande baada ya upande.
"Upinde, la. Fidla yenyewe, ndiyo.
Stesheni ya mabasi, Saint Paul, mwaka wa sabini na tisa.
Jamaa kanikaba koo, ataka pochi.
Mkononi nilikuwa na kitu kimoja tu."

"Ikavunjika?"

"Ubavu. Fundi akaunga kwa gundi.
Yaimba hadi leo. Ila ule waya mnene,
ukiugusa, kwanza unakohoa."

Tuula akamsogezea bakuli.

Nikaandika pembezoni mwa ramani, papo hapo,
kwa mwandiko wa mtu anayeogopa kusahau:
*Chombo cha uchawi kikipiga, kimepiga.
Kitaendelea kufanya kazi yake.
Kitakohoa.*
Corwin akasema hilo halimo kitabuni.
Nikamwambia sasa limo.

Rusha.

Ya pande ishirini: kumi na tisa. Tukaruka vitini.
Ya pande sita: moja.
Zimwi likapangusa paji la uso kama aliyedondokewa na jani,
na Tuula akalimaliza kwa shoka, bila hata kusimama.

Tangu usiku ule, kabla ya kila moto,
Anselm huweka ngumi mdomoni na kukohoa mara moja,
kikohozi kikavu, cha waya mnene,
kisha ndipo maadui huungua.
Corwin alianza kukiandika kwenye daftari lake. Sijui kwa nini.

Machi, barafu ikipasukapasuka ziwani
kwa mlio unaotufikia mpaka huku chini,
walifika kwa fundi wa mlimani, ndevu hadi magotini.
Nilikuwa nimemwandaa wiki nzima, sauti na yote.
Akaikagua fimbo, akaipiga kofi, akasikiliza:
naweza kuitengeneza, asema, iwe kama haijawahi kugusa mtu.

Anselm akauliza bei.
Akahesabu dhahabu yake ya penseli, taratibu, mara mbili.
Akanunua viatu.