Hodi ya Nne

Miaka ishirini na sita nimefunga mota Gerezani:
pampu za visima vya Goba, mapangaboi ya misikiti,
mashine ya kusaga ya mama mmoja wa Mbagala
inayoungua kila Ramadhani ikikaribia.
Waya wa shaba naujua kwa ncha ya kidole.
Nikiupitisha hapa, kati ya gumba na cha shahada,
vanishi ikiwa imebabuka kiasi cha ukucha wa mtoto
naijua kabla macho hayajajua.

Nilikuwa naijua.

Ubapa wa feni ya kiwanda, Jumanne, saa nne asubuhi.
Haukuuma kama nilivyodhani ungeuma.
Pazi, mwanafunzi wangu, ndiye aliyepiga kelele;
mimi nilikuwa nakitazama kifundo cha mkono
kilivyofunguka kama mota iliyovuliwa kifuniko,
na ndani, nyuzi.

Daktari aliushona mshipa wa fahamu
kwa uzi ambao sikuuona hata aliponionyesha.
Akasema ganda limeungana, njia ipo,
ila wa ndani lazima uote upya
kutoka hapa hadi ncha ya kidole,
milimita moja kwa siku, ukijitahidi.
Sikudhani, mke wangu, akachukua futi ya cherehani,
akapima, akanyamaza,
akazungushia duara mwezi wa tisa
kwenye kalenda ya duka la simenti.

Mwezi wa nne nilishika sufuria ya uji.
Nilijulishwa na harufu.

Bi Nakiete ana chumba Temeke chenye pazia la kijani
na kimashine kidogo kuliko redio.
Akanibandika vibandiko viwili mkononi. Nikacheka.
Mimi na umeme tunajuana kwa ugomvi:
umenitupa chini Buguruni,
umenishika Tandika nisiweze kuachia
hadi Pazi akanipiga kwa mti wa ufagio.
"Huu ni wa kiungwana," akasema.
"Mara ishirini kwa sekunde, saa nzima.
Unabisha hodi tu."

Sasa mimi nimelelewa Magomeni, na hodi ni tatu.
Ukibisha tatu usijibiwe, geuka uende zako;
wenyewe hawapo, au hawakutaki,
na yote mawili ni majibu.
Nikapiga hesabu kimoyomoyo:
elfu moja na mia mbili kwa dakika,
elfu sabini na mbili kwa saa.
Hodi elfu sabini na mbili
kwenye mlango wa kidole changu mwenyewe!
Hiyo ni adabu ya nani?
"Ya mdai," akasema Bi Nakiete, bila kucheka.

Nikamuuliza kama utarudi.
"Wapo waliorudiwa, wapo waliorudiwa nusu.
Mimi sisemi utarudi. Nasema tunauita."
Kisha akanigongagonga kiganjani kwa kidole,
akitafuta ulipofika.
Hapa? Hapana. Hapa? Hapana. Hapa?
Hapo, kama siafu mmoja aliyepotea njia.
Akaweka alama kwa kalamu ya bluu.
Sikuinawa siku mbili.

Wiki iliyopita umeme ulikatika katikati ya saa.
Mashine ikazima. Feni ya mezani ikapunguza, ikapunguza,
(beringi yake imekwisha, nilisikia)
na joto likaja kuketi nasi.
Hakuna aliyeinuka.
Ndipo, hodi zote zilipokoma,
si karibu, la, hakuna aliyefungua,
ila ndani kabisa, chini ya ngozi ya gumba,
kama mtu katika chumba cha uani
amesogeza kiti.

Sikumwambia mtu.
Nilimwomba Bi Nakiete bisibisi
niifungue ile feni kabla umeme haujarudi,
nikifungua kwa kushoto,
mkono wa kulia ukiwa kisahani cha parafujo.
Moja ilidondoka.
Mpaka leo sina hakika
kama niliijua kwa sikio.