Kuota Jua

Mume wangu ni mtu wa Mpwapwa.
Kwao, anasema, wingu likipita watu hutoka nje kulitazama
kama gari la mkuu wa wilaya:
limepita, limepunga, halikusimama.
Mimi nimezaliwa hapa Tukuyu,
ambako mvua haipigi hodi. Ina ufunguo wake.

Kwa hiyo tumegawana nyumba.
Chumba cha mashariki ni chake,
chenye dirisha linalopata jua, siku likipatikana.
Mimi jikoni, penye kiza kizuri na makaa.

Asubuhi anafungua pazia kama anayefungua barua ya deni.
"Leo tena," anasema.
Rungwe haupo. Migomba ya Mwakibete haipo.
Hata choo chetu, hatua ishirini tu, kimesafiri.
Nami moyoni nasema: leo tena, asante.

Nilipendeje jua, mimi?
Jua ni mpelelezi. Linaingia sebuleni
likionyesha vumbi, nyufa, mahali kochi lilipochoka,
linanionyesha uso wangu kwenye kijiko.
Jua linataka kazi: toa magodoro, anika maharage,
geuza kahawa kichanjani, fua, fua tena.
Siku ya wingu hakuna anayekudai.
Unakaa na kikombe, bati linazungumza peke yake,
na anayepita barabarani ni mwavuli tu,
humjui, hakujui, hakuna salamu za kuulizana hadi ng'ombe.

Lakini nakiri.
Sare za Ipyana nazikausha kwa pasi ya mkaa saa tano usiku,
mvuke unapanda, kola bado inalia.
Soksi zinalala nyuma ya jokofu.
Viatu vyangu vya harusi vimeota manyoya ya kijani.
Ukungu nje, ukungu kwenye mkate:
lugha yetu haikujisumbua kutafuta jina la pili.

Na yeye, Chilewa, ana magoti yake.
Anasema huku magoti yamegeuka redio,
yanatangaza mvua kabla haijafika Kiwira.
Pakitokea mwanya mbinguni,
hata mdogo kama sarafu ya shilingi mia,
anaufuata uani, kigoda mkononi,
kama kuku anavyomfuata anayepeta mchele.
Watoto wa jirani wanacheka: Baba Ipyana anaota jua!
Ndiyo, nawajibu kimoyomoyo, analiota.
Hata usiku. Namsikia akilitaja kwa Kigogo.

Mwezi wa sita alikwenda kwao, msiba wa shangazi.
Akanipigia simu saa saba mchana.
"Ngozi inanibana. Vumbi limeingia hadi kwenye chai.
Tangu jana sijaona jani la kijani."
Nikamwuliza: sasa umefurahi?
Akanyamaza. Nikasikia nzi, na mbuzi mmoja.
"Nimekaa kivulini tangu asubuhi," akasema.

Nilicheka mpaka maziwa yakachemka, yakamwagika.

Kesho yake, Jumanne, hapa kwetu
mawingu yakachanika. Rungwe ukasimama wote,
mkubwa, bila shati, karibu kiasi cha kunitia haya.
Sikuanika kitu. Kahawa sikuigusa.
Nikatoa kigoda chake, nikakiweka uani
mwanga ulipoanzia, chini kidogo ya mparachichi,
nikarudi mlangoni, nikasimama nikikitazama.
Mwanga uliposogea, nikakisogeza.
Uliposogea tena, nikakisogeza tena.
Mara ya tatu Mama Tusajigwe akachungulia juu ya ua,
akauliza kama siku hizi naanika vigoda.

Nikasema ndiyo, kilikuwa kimelowa.