Ame

Betri zilianikwa juani kama dagaa,
nne, juu ya bati la banda la mbuzi,
ili usiku zipate nguvu ya kumwimbisha yule mama wa Kijapani.

Baba alimleta kutoka Bahi, ndani ya kaseti.
Alikuwa dereva wa wachimba visima. Mkataba ulipokwisha
fundi wao mkuu hakumpa saa, hakumpa barua,
alimpa mwanamke anayeimba polepole
kama mtu anayekunja nguo za mtoto aliyekwisha kulala.

Jina lake hatukulijua. Tulimwita Mama Betri.
Nguvu zikipungua sauti yake ilizama,
akawa mwanamume, akawa ng'ombe,
akawa mlango unaofunguliwa mbali,
na sisi, watano kwenye mkeka mmoja,
tukacheka hadi tukapitiwa.

Mama hakucheka.
Kulikuwa na neno moja pale katikati,
kinanda kinanyamaza kulipisha:
ame.
Ame, kisha pumzi. Ame, kisha kinanda tena.
"Ame nini?" Mama aliuliza gizani.
"Mwanamke gani huyu, hasemi mtu wake amefanya nini?"
Basi akawa anammalizia.
Baba akichelewa njia ya Manyoni: amefika.
Mwaka ule mtama ulipokaukia kimo cha goti: amesahau,
na hakuna aliyethubutu kumwuliza nani.
Juma la msiba alizima redio neno lilipokaribia,
akakaa na kidole juu ya kitufe hadi majogoo.

Siku hizi anaishi kwangu, Nkuhungu.
Usingizi umemhama kama mpangaji mwenye deni.
Vidonge vinamkausha mdomo, maziwa ya moto hayasaidii.
Kaseti ile utepe wake tuliutumia kufukuzia ndege shambani,
lakini simu yangu inawajua Wajapani wengi:
wa gita, wa kinanda, wa sauti kama uji unaopoa.
Naiweka juu ya stuli,
kati ya glasi ya meno na Biblia ya Cigogo.

Jumapili Sechelela alikuja na zabibu.
Amesomea kilimo huko kwao, miaka mitatu.
Akasikia, akainamisha kichwa upande.
"Mama, ame ni mvua."

Mama alitafuna zabibu moja, akatoa mbegu,
akazipanga kwenye kiganja.
"Na mimi namwona mmbea asiyemaliza habari!"
Akacheka, kicheko alichotunyima enzi za betri.
"Miaka thelathini na tatu nalala na mvua chumbani,
nje vumbi tupu,
na hakuna aliyeniambia nikinge ndoo."

Sechelela alinogewa, akaendelea:
na hana, mama, hana kwao ni ua…
Mama akamwinulia mkono.
"Inatosha, mwanangu. Hilo niachie.
Nimeshalizoea lilivyo."

Usiku huu upepo wa Julai unapekua mabati
kama mtu aliyepoteza funguo.
Mimi nafundisha Kiswahili, kidato cha pili.
Kutwa nasahihisha viambishi vilivyotelekezwa,
navitia duara jekundu, naandika pembeni: malizia.
Simu imebakiwa na asilimia nne.
Yule mwanamke (si yule, ila mwendo ni ule ule)
anafika pale pale, kinanda kinampisha,

ame

na Mama tayari anakoroma, mdomo wazi kidogo
kama debe lililotegwa chini ya mchirizi.
Mvua yenyewe ni hadi Desemba, ikipenda.
Mimi niko macho,
kalamu nyekundu sijui nimeiweka wapi,
nasubiri kitenzi.