Theluji ya Agosti

Walikuja Agosti na theluji kwenye magunia,
sabuni na karatasi iliyosagwa,
wakaimwaga Sololaki, mtaa mzima,
huku jasho likitutiririka hadi viatuni.
Walinilipa lari mia mbili kwa roshani yangu
wakanisihi nisianike shuka mpaka Ijumaa.

Roshani ya mbao, aliyoichonga babu yake Otari,
yenye ubao mmoja mbovu ambao wenyeji tunauruka.
Wakaipaka buluu.
“Ndivyo Tbilisi ilivyokuwa zamani,” wakaniambia.
Nikanyamaza. Zamani ilikuwa rangi ya chai.

Mwigizaji wao, binti mwembamba kama sindano,
aliniuliza: “Mama Tsiala, mtu akiachwa hujishika wapi?”
Wenzake wote walikuwa wamemwambia moyoni.
Nikamwonyesha ukingo wa roshani,
vidole vikilegea, vikikaza,
kama mtu anayengoja maziwa yachemke.

Busu walilirudia mara kumi na saba.
Jirani yangu Gulnazi alihesabu kwa maharagwe aliyokuwa akichambua.
La kumi na mbili, anaapa, ndilo lililokuwa la kweli.
Hilo walilitupa: mshika taa alipiga chafya.

Machi tukaenda kuitazama.
Binti anashuka ngazi zangu,
anakata kona ya duka la mkate,
na papo hapo, kufumba na kufumbua,
yuko stesheni, treni haijang’oa nanga!
Hakuna mto. Hakuna daraja. Hakuna kilima.
Ukumbi mzima ukalia.
Mimi nikacheka, Gulnazi akanifinya.

Njia ile niliwahi kuikimbia.
Mwaka wa giza, umeme ukitutembelea saa moja kwa siku,
Otari aliondoka na sanduku lililofungwa kwa waya,
nami nikachelewa kumeza kiburi changu.
Ubao mbovu ukanivunja kisigino.
Nikachechemea hadi mtoni, upepo wa Mtkvari
ukinirudisha nyuma kama mkwe asiyetakiwa.
Dakika arobaini.
Stesheni nilimkuta muuza mbegu za alizeti.
“Imeondoka,” akasema,
akanijazia kiganja, asidai hata senti.

Filamu nimeitazama mara nne sasa,
na mara zote nangoja kona ile ya mkate
ambapo mji wangu unakatwa kwa mkasi.
Mimi ni mshonaji; nguo nimezikata miaka hamsini,
najua kipande kikikatwa huanguka chini ya meza.
Nani basi aliyezifagia dakika zangu arobaini?

Vijana huja, husimama chini, hupigana picha.
Huniuliza kama mapenzi yale yalitokea hapa kweli.
Nawaambia wasogee, shuka zinachuruzika.

Buluu imeanza kubanduka.
Juzi, nikipigilia msumari ule ubao,
nimekuta chembe ya theluji yao ufani,
kavu, nyeupe,
haijayeyuka.