Mkono wa Mama Kwenye Kona

Kutoka Sikonge kwenda Kitete, kila kona
Noah yangu ililala kama mlevi anayetafuta ukuta,
na mama, kiti cha nyuma, akang'ang'ania mshikio wa mlango
kwa vidole vilivyokamua masega miaka arobaini.
Hakusema. Mgongo wake ulisema.

Nikafunga springi ngumu, za pikapu.
Gari likasimama wima kama askari wa gwaride,
na kila kokoto la njia tukalijua kwa jina.
Tulipofika, mama akauliza taratibu:
"Hili gari limekukosea nini, mwanangu,
hata ukalinyima magoti?"

Fundi Nkwabi wa Ipuli alicheka akiwa uvunguni.
Akarudisha springi za zamani, zile laini.
Akaleta stabilaiza nene, ya gari lililokufa ajalini,
bushi mpya, shokapu nne zisizo na papara.
"Tazama," akasema, akifutia grisi kwenye kaptula,
"matairi yote mawili yakipanda tuta, chuma hiki hakina neno.
Upande mmoja ukitaka kulala peke yake,
wa pili unauvuta shati."

Bei? Usiniulize. Mbuzi wawili, na deni juu.

Jumanne tukarudi kliniki.
Kona ya kwanza nikachungulia kwenye kioo.
Ya pili, tena, nisiamini.
Mkono wa mama haukuwa mlangoni.
Ulikuwa mapajani, unamenya karanga,
maganda yamejikalia kwenye kanga,
na yeye ananiuliza
mbona leo naendesha huku natazama nyuma.